Taa Aliyoificha Mama Pazia

Jumatatu ile, taa ndogo ya njano yenye umbo la injini ilipowaka nyuma ya usukani, Mama Pazia alifanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mumewe katika miaka thelathini na moja ya ndoa yao. Alinyamaza. Mumewe alikuwa ameketi pembeni yake, kofia mapajani, uso ameuelekeza dirishani kama mtu anayetazama nje, ingawa macho yake yalikuwa yamezimika mwaka wa tatu sasa. Gari lilitetemeka kidogo, likatulia, likaendelea na safari. Taa haikuzimika.

"Kuna nini?" mzee akauliza.

"Shimo," akajibu. "Barabara hii imechoka."

Barabara pale ilikuwa laini kama meza.

Na mumewe hakuwa mtu wa kudanganywa kuhusu magari. Watu walimwita Waya. Kwa miaka thelathini alikuwa fundi umeme wa magari katika gereji iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, na ilikuwa kawaida yake kumkaribisha mteja, kumsikiliza mpaka mwisho, halafu kumwomba aondoke akatembee kidogo, maana hakupenda kutazamwa akifikiri. Ndipo sukari ikamwingia. Ilianza na miguu, ikapanda machoni, ikaishia kwenye figo. Sasa damu yake ilisafishwa kwa mashine, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara, katika hospitali iliyokuwa mwendo wa karibu saa nzima kutoka nyumbani.

Mama Pazia jina lake lilitokana na kazi yake. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na cherehani mbili na majora ya vitambaa yaliyopangwa mpaka juu, na mtu akiingia ilimbidi apite ubavuubavu. Alishona mapazia ya shule, ya ofisi, ya watu waliohamia nyumba mpya na kukuta madirisha makubwa kuliko walivyofikiri. Gari hakuwahi kuligusa. Alijifunza kuendesha akiwa na miaka hamsini na miwili kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine. Binti yao wa pekee aliolewa mbali, na dereva wa kukodi aliyewapeleka mara mbili alikataa ya tatu baada ya mzee kutapika kwenye kiti. Waliomzunguka walidhani ni mzaha, maana mwalimu wake alikuwa Waya mwenyewe, kipofu. Majirani walitoka milangoni kutazama.

"Unakanyaga mafuta kama unakanyaga cherehani!" mzee alikuwa akipiga kelele. "Polepole, Mama, hatushoni lami!"

Alimfundisha kwa masikio. Alimfundisha pia kwamba kila asubuhi, kabla ya kuwasha, azungushe ufunguo nusu na kuzitazama taa za dashibodi. Zote lazima ziwake kwanza, ndipo zizimike injini ikiunguruma. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, alisema, kwa sababu kuna wauza magari wanaoing'oa balbu ili mnunuzi asione ugonjwa. Gari lao walilinunua likiwa limetumika na watu wawili kabla yao, na siku ya kulinunua Waya alikuwa bado na jicho moja la kuonea. Alikaa dakika nzima akihesabu taa hizo, muuzaji akihangaika pembeni. Kwa hiyo kila asubuhi Mama Pazia alisema kwa sauti, "Zimewaka zote," halafu, injini ikishika, "Zimezimika zote." Mzee aliitikia kwa kichwa, wakaondoka.

Sasa kwa nini alinyamaza?

Wiki mbili kabla ya Jumatatu ile, wakirudi kutoka hospitali, mzee akiwa amejikunja kwa baridi ambayo mashine humwachia, alisema bila hasira yoyote, "Siku gari hili likifa, usilitengeneze. Niache nipumzike."

Mama Pazia aliendelea kuendesha. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na usiku ule na mingine iliyofuata alielewa jambo moja: mumewe hana ujasiri wa kusema siendi tena, ila anatafuta kisingizio, na kisingizio hicho kina magurudumu manne. Basi taa ya njano ilipowaka, mdomo wake ulikuwa tayari umeamua kabla ya kichwa chake.

Siku iliyofuata alisema anapeleka mapazia kwa mteja, akalipeleka gari kwa kijana mmoja wa gereji aitwaye Kompyuta. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, ila jina la ujana lilikuwa limemganda. Alijifunza kazi chini ya Waya, kisha akanunua kile kimashine kinachochomekwa chini ya usukani na kuandika namba za hitilafu, na tangu hapo mafundi wenzake wakawa wanamnunia.

"Shikamoo, mama. Mwalimu hajambo?"

"Marahaba. Hajambo. Na hajui kama nimekuja hapa, na hatajua. Tumeelewana?"

Kompyuta alimtazama, akameza maswali yake. Akachomeka kimashine, akasubiri. "Gari lina kodi mbili, mama."

"Kodi gani tena? Mbona tulilipa mwezi wa kwanza!"

Ilibidi aelezwe kwamba kodi za gari ni namba tu, kila namba na ugonjwa wake. Walicheka wote wawili, na hicho kilikuwa kicheko chake cha mwisho kwa muda mrefu. Kompyuta alibonyeza mahali, namba zikafutika, taa ikazimika. "Ikirudi, nione," akasema.

Ilirudi Alhamisi.

Safari hii Kompyuta aliziandika namba kwenye karatasi. Moja ilisema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Nyingine ilisema umeme wa gari uko chini. Hiyo ya pili hakuijali, akasema betri za magari ya zamani ndivyo zilivyo. Aliibadilisha sensa inayonusa moshi kwenye bomba la nyuma, na Mama Pazia akailipa kwa kumshonea vitambaa vya viti vya gari la mteja wake. Alishona siku mbili bila kuinua kichwa. Mzee alisikia cherehani ikilia, akauliza ni pazia la nani hilo lisiloisha.

"La ukumbi," akasema.

Taa ikarudi tena, na sasa ikaja na jamaa zake. Kwanza ile ya breki. Kisha usukani ukaanza kuwa mzito ghafla, kama umeshikwa na mtu kwa upande wa pili, na taa nyekundu yenye umbo la usukani ikawaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika. Hatari zaidi ilikuwa wifi yake, dada wa mzee, waliyempa lifti Jumatano moja. Alikaa kiti cha nyuma, akachungulia mbele, akapaza sauti:

"Wifi, mbona hizo taa—"

"Taa za barabarani? Ndiyo, wamezibadilisha," Mama Pazia akamkata, akimtolea macho kwenye kioo.

Jioni alibandika plasta ya vidonda juu ya dashibodi, vipande viwili, akazifunika. Kila asubuhi aliendelea kusema, "Zimewaka zote. Zimezimika zote." Mzee aliitikia kwa kichwa kama kawaida.

Kompyuta aliposoma mara ya tatu, namba zilikuwa saba. Alikuna kidevu, akafungua boneti, akaifunga. Akasema ubongo wa gari wenyewe ndio unaokufa, ile kompyuta yake. Itabidi iagizwe nyingine kutoka mbali, na itachukua wiki mbili au tatu.

"Mwanangu, mimi sina wiki tatu. Yeye hana hata wiki moja. Akikosa mashine mara mbili, maji yanapanda mpaka kwenye mapafu."

"Najua, mama."

"Hujui! Ungejua usingenibadilishia vitu kama mtu anayejaribu viatu!"

Aliomba msamaha papo hapo, maana si kawaida yake kufoka. Kisha akaenda nyuma ya gereji, palipopangwa matairi makuukuu, akaketi juu ya moja na kulia akiwa ameziba mdomo kwa mkoba. Alilia kwa sababu ya gari, na kwa sababu alikuwa amechoka kusema uongo asubuhi, na kwa sababu hakuwa na wa kumuuliza isipokuwa mtu mmoja tu, na huyo ndiye aliyemficha. Aliondoka na karatasi ya namba saba ndani ya mkoba.

Jumatano iliyofuata hospitali haikuwa na maji, na mashine zile haziendi bila maji. Wagonjwa walirudishwa. "Ijumaa bila kukosa," nesi alimwambia Mama Pazia pembeni, akimshika mkono. "Bila kukosa, mama."

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mzee alikuwa amevimba miguu hata viatu havikuingia, akapanda gari na kandambili. Kila neno alilisema nusu nusu, akipumzika katikati. Mama Pazia aliwasha taa kubwa kwa sababu ya giza la mvua, akawasha waipa, akawasha feni kwa sababu vioo vilijaa ukungu. Wakafika nusu ya njia, pale barabara inapopita kati ya ukuta mrefu wa kiwanda cha matofali na mtaro, malori yakiwapita na kuwarushia maji. Waipa zikaanza kwenda polepole, kama mtu anayesinzia. Usukani ukagoma. Chini ya plasta, dashibodi nzima ikawaka, nyekundu na njano, mwanga ukipenya kandokando ya vipande vile. Kisha injini ikazima.

Alilivuta gari pembeni kwa nguvu zote za mabega yake. Akazungusha ufunguo. Tak. Akazungusha tena. Tak, tak, basi.

Alimpigia simu Kompyuta; alikuwa upande wa pili wa mji, akasema anakuja, ila kwa mvua hii labda saa moja na nusu. Akampigia dereva wa kukodi mmoja, hakupokea. Wa pili akasema barabara ile imejaa maji, haendi. Akashuka, akapunga mikono mbele ya malori mpaka nguo zikamganda mwilini. Lori moja lilipiga honi. Hakuna lililosimama. Akarudi ndani, akafunga mlango.

"Zimewaka ngapi?" mzee akauliza.

"Nini?"

"Taa, Mama. Zimewaka ngapi?"

"Hakuna ta—"

"Acha." Alipumua. "Acha sasa. Tangu Jumatatu ile unasema 'zimezimika' kabla injini haijashika. Unakimbia kulisema. Na dada yangu naye si mtu wa kuulizia taa za barabarani."

Mama Pazia alishika usukani kwa mikono miwili kama bado wanatembea. "Ulijua? Wiki tano ulijua? Mbona hukusema?"

Mzee aligeuzia uso dirishani. "Nilikuwa nangoja life," akasema.

Mvua ilipiga juu ya bati la gari.

"Sasa limekufa," mzee akaendelea, na sauti yake ikawa ndogo. "Na hii ya kukosa hewa... Mama, sikujua iko hivi. Sitaki. Sitaki kufia hapa mtaroni."

Hapo ndipo Mama Pazia alipobandua plasta zote mbili. Akatoa karatasi mkobani, akamsomea namba moja baada ya nyingine, herufi kwa herufi, kama mtoto anayesoma darasani. Mzee alisikiliza, macho amefumba.

"Betri. Vichwa vya nyaya. Fungua boneti, utikise."

Akatoka mvuani. Akatikisa. Kimoja kilikuwa kimelegea kidogo. Alikikaza kwa spana iliyokuwa chini ya kiti, akarudi, akazungusha ufunguo. Tak. Akakaza tena mpaka vidole vikachubuka. Tak. Mzee aliegemeza kichwa kwenye kiti. "Basi sijui," akasema. "Nimesahau kazi. Niache."

"Sikuachi!" Alipiga kelele kuliko mvua. "Umeniangusha wiki tano nzima ukinisikiliza nikihangaika kama mwehu, leo utafikiri! Fikiri! Kama hutaki nikutazame, nageuka!"

Akageuka kweli, akampa mgongo. Mzee alikohoa, na katika kikohozi kile mkewe akasikia kitu kinachofanana na kicheko.

"Zilianza kuwaka wakati gani? Ukiwa umewasha nini?"

Alifikiri. "Ile ya kwanza, feni. Nadhani feni. Ile siku ya usukani... jioni, taa kubwa. Kukiwa na joto na sijawasha kitu, hazina vurugu."

"Na leo umewasha vyote."

"Vyote."

"Namba saba, na ya umeme kuwa chini imo." Sasa alikuwa akizungumza haraka, akimeza hewa kati ya maneno. "Gari haliwezi kuugua magonjwa saba siku moja, Mama. Kila kifaa kinalia njaa. Huyo kijana amesoma majina ya wanaolia, akawatibu mmoja mmoja. Umeme unatoka betri, lakini haurudi. Kuna waya mnene mweusi, unatoka upande wa betri wenye alama ya kutoa, unafungwa kwenye mwili wa gari. Tunauita ethi. Ufuate kwa vidole. Usitazame, papasa. Wewe unajua kitambaa kilichooza kwa kushika tu."

Aliupata. Ulipita chini ya sinia ya betri, mahali ambapo jicho halifiki, na mwisho wake, palipofungwa nati, vidole vyake vilikuta unga kama chumvi mbichi. Alivuta. Ganda la waya lilikuwa zima, ila ndani yake hapakuwa na kitu; ulijikunja kama soksi tupu. Nyuzi chache za shaba zilikuwa zimebaki, nazo zilikatika mkononi mwake.

"Umeoza!" alilia. "Umekatika, Baba, nimeukata!"

"Vizuri! Nyuma ya gari kuna nyaya za kuazimia umeme, zenye meno. Chukua ule mweusi. Jino moja kichwa cha betri cha kutoa. Jingine kwenye injini, chuma kitupu, bolti isiyo na rangi. Mbali na mkanda unaozunguka!"

Alibana jino la kwanza, akatafuta bolti, akabana la pili. Cheche ikaruka, akajirusha nyuma, akakaa chini kwenye tope. Akainuka. Akaufunga waya ule usining'inie kwenye mkanda, kwa utepe wa pazia uliokuwa umebaki mfukoni mwa sketi. Akaingia ndani, akazungusha ufunguo nusu. Taa ziliwaka zote kwa ukali ambao hakuwa ameuona kwa wiki tano. Akamalizia kuzungusha.

Injini ikashika.

Taa zikazimika moja moja, isipokuwa ile ya njano yenye umbo la injini. Alipomwambia mumewe, akiwa karibu kulia tena, mzee alimkatiza. "Hiyo ni kumbukumbu tu. Itakaa mpaka ifutwe. Endesha!"

Akaendesha. Boneti haikufunga vizuri juu ya waya, ikawa inagonga njia nzima. Mzee hakuzungumza tena. Alikuwa akihesabu pumzi, na mkewe akihesabu pamoja naye kimoyomoyo, na kila zilipokawia alimgusa goti. Walichelewa saa mbili. Kitanda chao kilikuwa na mtu mwingine. Nesi alipomwona mzee midomo ilivyobadilika rangi, alimweka kwenye kiti cha magurudumu na kumwingiza chumba cha dharura, mlango ukafungwa. Mama Pazia alisimama kwenye korido, tope mpaka kiunoni, mfagiaji akisubiri kwa adabu asogee.

Alikaa pale mpaka saa kumi jioni. Walipomruhusu kuingia, mzee alikuwa amelala na mirija, rangi imemrudia kidogo.

"Ulinitazama?" akauliza.

"Nilikupa mgongo."

"Ulichungulia."

"Kidogo."

Kompyuta alibadilisha waya ule siku iliyofuata, kazi ya nusu saa. Alikuja mwenyewe nyumbani kuomba radhi kwa mwalimu wake, akaingia ubavuubavu kati ya majora, na Waya akamkalisha na kumhoji kwa saa nzima: ulipima nini, kwa nini hukupima ukiwa umewasha taa, ule waya uliushika? Kijana alitoka jasho. Kuanzia hapo alikuwa akija kila Jumapili na maswali ya magari yaliyomshinda, na Mama Pazia aliwasikia wakibishana huku akishona.

Lakini hadithi yao haikuishia kwenye kupona, na wote wawili hawakujidanganya. Mashine haikuwa imebadilika, wala baridi yake, wala miguu. Waya alikwenda hospitali miezi tisa zaidi bila kukosa. Kidole gumba cha mguu kikakatwa, kisha nusu ya wayo. Asubuhi moja ya Jumatano, kukiwa na jua kali, mkewe alikuwa amekwisha kufungua milango ya gari ili joto litoke, mzee alipomwita kutoka chumbani.

"Mama. Leo siendi."

Aliingia, akasimama mlangoni. Alitafuta la kusema, na yote aliyoyapata alikuwa amekwisha kuyasema mvuani.

"Gari ni zima," akasema mwisho.

"Najua. Ndiyo maana nakwambia leo. Sitaki useme ni gari."

Alikaa kitandani pembeni yake. Walizungumza mpaka mchana, juu ya binti yao apigiwe simu aje, juu ya Kompyuta apewe kile kisanduku cha vifaa, juu ya siku Mama Pazia alipoingia gerejini mara ya kwanza na pazia la ofisi ya meneja na kumkuta Waya amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana, na jinsi alivyozungumza na miguu ile robo saa kabla ya kuuona uso. Mara mbili alitaka kumbembeleza. Mara zote mbili mzee alimkamata mkono kabla hajafungua mdomo.

Jioni alimpigia simu nesi kumwambia kitanda cha Jumatano, Ijumaa na Jumatatu apewe mwingine.

"Gari tena, mama?" nesi akauliza.

"Hapana, mwanangu," Mama Pazia akasema. "Si gari."

Waya aliishi siku tisa tu. Binti alifika siku ya nne.